Re: Nikubali kazi ya kiwandani Namanve, Uganda, kwa shilingi laki nne kwa mwezi?
Ndugu, mimi nilikaa miaka miwili kwenye kiwanda kimoja hukohuko. Mshahara haukuchelewa, hilo nawapa. Kilichoniuma ni NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii): kila mwezi walinikata asilimia 5 (kwa laki nne yako ni 20,000), lakini akaunti ilikaa miezi minne bila kuingia kitu, wala ile asilimia 10 ya mwajiri. Kwa hiyo kagua salio lako kila mwezi. Kima cha chini usikitegemee, kilichowekwa 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, labda rolex (chapati ya mayai) mbili tatu! Wakubwa? Meneja mtu mzuri, ila msimamizi wa zamu ya usiku alikuwa na mdomo mchafu, ndiye aliyenifanya niondoke. Omba mkataba wa maandishi kwanza.