Cardinal kwa Himo: anza kuhesabu siku ya kupogoa

Ndugu yangu, umeuliza kama Cardinal, zabibu ya mezani inayowahi kuiva, itakufaa hapo Himo, na kwa nini ya jirani yako ilipasukia kishadani. Itakufaa sana. Aina hii ilizalishwa California mwaka 1939, na huko baridi ndiyo huulaza mzabibu, joto likauamsha. Kwetu haulali, anayeanzisha msimu ni wewe na mkasi wako.

Pogoa mapema Juni, masika yakishaisha, ili uvune kabla ya vuli. Punje zake ni kubwa na zimejaa maji, mvua ikizikuta zinaiva hupasuka. Naamini ndiyo yaliyomkuta jirani.

Kila tawi liachie macho (vifundo vinavyochipua) mawili au matatu tu, maana huzaa hata kwenye macho ya chini. Punje zikifika ukubwa wa njegere, punguza bila huruma. Mwaka wangu wa kwanza niliziacha zote. Kishada kimoja kikawa na nyekundu, waridi na kijani kibichi, na mteja sokoni akakigeuza-geuza akakirudisha.

Maji ya mfereji yapeleke shinani, majani yabaki makavu, kwani ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, huipenda mno aina hii.