Maswali ya Wasomaji: Cinque Terre kwa Siku Moja, Bila Haraka

*Mama yetu anakuja Genova kutoka Tanga mwezi wa Juni. Tunataka kumpeleka Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Italia, ila magoti yanamsumbua na nguruwe hali. Je, vijiji vyote vitano tutavimaliza kwa siku moja?* (Msomaji, Genova)

Mtavimaliza, lakini mama mtamchosha bure. Chagueni viwili: Monterosso asubuhi, Vernazza alasiri. Monterosso ndicho chenye ufukwe mpana wa mchanga, na mkitoka kituoni njia ya kando ya bahari ni tambarare. Penye safu za miavuli ni pa kulipia. Tafuteni kibao cha "spiaggia libera", yaani ufukwe wa bure. Vernazza ina mtaa mmoja mkuu, Via Roma, unaoteremka taratibu kutoka kituoni hadi kwenye kibandari. Corniglia iacheni. Iko juu ya jabali, mita 100 hivi kutoka usawa wa bahari, na kutoka kituoni kuna ngazi zaidi ya 370. Basi dogo lipo, lakini likijaa mtalisubiri juani.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongeni kwenye mashine kituoni kabla ya kupanda. Isiyogongwa haina tofauti na kutolipa, na mkaguzi hutoza faini. Angalieni pia Vernazza: jukwaa ni fupi, treni ni ndefu, hivyo baadhi ya mabehewa husimama ndani ya handaki. Wageni hudhani bado hawajafika, wakakaa, treni ikawapitisha. Msogezeni mama mlangoni mapema; treni ikisimama, hata kama nje ni giza, bonyezeni kitufe mshuke.

Kuhusu chakula, mama atafurahia farinata, chapati nyembamba ya kuoka: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi. Kwa kila gramu 300 za unga huwekwa kama lita moja ya maji, uji ukaachwa utulie saa kadhaa, kisha ukaokwa kwenye sinia pana katika tanuri kali hadi kingo zikauke. Iliwe ya moto, na pilipili manga juu, ikipoa hulegea. Dagaa wa Monterosso, acciughe, waliotiwa limau ni wazuri mno. Kwa focaccia, mkate bapa wa mafuta, ulizeni kwanza kama ina "strutto", yaani mafuta ya nguruwe. Kuleni kabla ya saa nane mchana, kwani mikahawa mingi hufunga jiko hadi jioni. "Coperto" kwenye bili ni malipo ya meza kwa kila mtu, hamjaibiwa.

*Turudi kwa boti?* (Msomaji huyohuyo)

Kwa mama, hapana. Boti huegesha pua kwenye miamba na abiria hupita juu ya ubao mwembamba unaocheza na mawimbi. Libeccio, upepo wa kusini-magharibi, ukivuma, safari hufutwa.

*Mimi nataka kutembea kwa miguu kutoka Monterosso hadi Vernazza. Niandae nini?* (Msomaji, Bologna)

Ni kilomita tatu na nusu hivi, saa moja na nusu hadi mbili, ngazi za mawe zikiwa nyingi mwanzoni. Unahitaji kadi ya Hifadhi ya Taifa ya Cinque Terre, lita moja na nusu ya maji na viatu vya kufunika mguu. Ukivaa ndala unaweza kutozwa faini. Anza saa mbili asubuhi. Kuta za matuta ya mizabibu zimejengwa bila saruji, hivyo mvua kubwa huziporomosha, kama ilivyotokea Oktoba 25, 2011. Tahadhari ya mvua ikitangazwa njia hufungwa; panda treni.