Wauguzi ndio wanaomrudisha mgonjwa

Mmeuliza wiki hii kwa nini mgonjwa mmoja hurudi hospitali ileile miaka nenda rudi, na mwingine huipita akapanda basi kwenda ya mbali. Huku Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, pa kuchagua papo: hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao, na ile ya kanda pale Mitengo. Jibu langu ni wauguzi.

Mgonjwa hawezi kujua kama daktari alimshona vizuri ndani ya tumbo. Anachojua ni kama nesi alikuja alipoitwa usiku, na kama aliambiwa sindano ni ya nini kabla ya kuchomwa.

Tazama kanula tu, ule mrija mwembamba unaoingizwa mshipani kupitishia dawa. Ikihama kidogo, dawa huvujia nje ya mshipa, mkono ukavimba na kuuma. Nesi anayekagua ilipoingilia kila anapotoa dawa huiona mapema, akaitoa na kuweka nyingine mkono wa pili. Asiyekagua hungoja mgonjwa alalamike, na hapo ndugu anayemuuguza keshaona yote. Huyo ndugu ndiye atakayesimulia kwao, Newala au Tandahimba, na ukoo mzima utafuata neno lake. Kumfokea mlangoni ni kosa kubwa. Aelezwe saa za kuona wagonjwa na hali ya mtu wake.

Wodi ya wazazi ndiyo nyeti kuliko zote. Aliyejifungua hupimwa presha, mapigo, ugumu wa mji wa mimba na damu inayotoka kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo. Vipimo hivyo hugundua mapema damu inayozidi, na mama naye huona hajatelekezwa. Mama aliyetukanwa akiwa kwenye uchungu, mimba ijayo atakwenda kwingine au atajifungulia nyumbani, na huko nyumbani ndiko tunakopoteza watu.

Mengi huharibikia kwenye kubadilishana zamu. Ripoti ikisomwa mezani tu, dawa ya jioni hurukwa au hutolewa mara mbili, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anajua. Wapite kitanda kwa kitanda, wataje tatizo, dawa iliyotolewa na saa yake, na kipimo kinachosubiriwa. Mambo ya siri, kama majibu ya VVU, yasemwe kando. Wodi zetu vitanda vimebanana.

Haya yote hayawezekani nesi mmoja akiachiwa wodi iliyojaa. Uongozi unaotaka wagonjwa warudi uanze kuikagua ratiba ya zamu ya usiku kabla ya kununua rangi ya kuta.