Mkuu, usiliguse tangazo hilo!

Acha kwanza. Unasema tangazo lako la Google limeshuka, na kuna mtu kakushauri ulibadilishe maneno kila jioni "ili mfumo ulione jipya". Huyo mtu anakupoteza! Maneno kuwa mapya hakupandishi tangazo. Kila mtu anapotafuta, Google inapiga hesabu upya: dau lako (kiasi ulicho tayari kulipa mtu akibofya), ubora wa tangazo na wa ukurasa unakompeleka mteja, washindani waliopo muda huo, na anayetafuta yuko wapi na anataka nini. Umelihariri mara ngapi, hiyo haimo kwenye hesabu.

Ukihariri, unalirudisha kwenye ukaguzi. Mengi hupita ndani ya siku moja ya kazi, mengine hukaa zaidi.

Sisi tunashona sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari ndipo karakana inapopata pesa ya maana. Jamaa tuliyemlipa, anajiita mtaalamu, akaingia Ijumaa jioni kwenye tangazo lililokuwa linaleta wazazi, akabandika "PUNGUZO!!!" kwenye kichwa pamoja na namba ya simu. Google hairuhusu alama ya mshangao kwenye kichwa, wala namba ya simu ndani ya maandishi. Namba ina sehemu yake. Likakataliwa. Simu zikanyamaza wikiendi nzima, wazazi wakanunua kwingine, vitambaa vimeshakatwa na mafundi wanatazamana. Tulipompigia akajibu eti mtandao uko chini. Mtu umechukua hela ya watu, hata masharti ya tangazo hujayasoma! Na wa aina yake wamejaa, wote wanauza ushauri huo huo wa "changamsha tangazo".

Shika hili moja: tangazo linaloleta wateja halihaririwi. Tengeneza jipya pembeni, kwenye kundi lile lile la matangazo. Yanaruhusiwa matatu kuwa hewani kwa pamoja. Mbadala wako ujaribu humo: vichwa hadi 15, kila kimoja kisichozidi herufi 30 pamoja na nafasi, na maelezo hadi 4 ya herufi 90. Subiri lipite ukaguzi na uone simu zinaingia, ndipo usimamishe la zamani. Simamisha tu, usilifute, maana jipya likikwama utahitaji kuliwasha lile.