Mpwa wangu anaiona sarafu kila mara

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 22, nauza chaja na vifuniko vya simu Luthuli Avenue. Tangu Machi najifunza kiini macho cha sarafu kwa video za simu, karibu kila usiku. Mkononi mwa yule wa video sarafu inayeyuka, mkononi mwangu inaanguka. Ikikosa kuanguka, mpwa wangu wa miaka saba ananyoosha kidole: "Iko huku, mjomba." Je, nitafute zile sarafu kubwa za Marekani wanazotumia? Pia mama hafurahii. Anasema nikitoka kwenye uchawi nitaishia pata potea. — Kijana wa Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Usinunue sarafu yoyote. Ile unayoiona kwenye video nyingi ni nusu dola. Ina upana wa milimita 30.6 na uzito wa gramu 11.34, na mtindo wa kuibana katikati ya kiganja, kati ya nyama ya gumba na ukingo wa pili, unaifaa sana. Ishirini yetu ya ndovu, yaani sarafu ya Kenya ya shilingi ishirini, ni ndogo kuliko hiyo, ndiyo maana inakuponyoka. Iweke chini kidogo, kwenye mashina ya kidole cha kati na cha pete, kisha vidole vikunjike kidogo tu, kama vinavyokunjika vyenyewe ukitembea. Hapo ishirini inakaa vizuri, na hata mkono mdogo unaiweza. Fanyia mazoezi juu ya kitanda, usije ukaitafuta uvunguni usiku kucha.

Kuhusu video, angalia kwanza imepigwa kutoka upande gani. Mwalimu akikukabili, mkono wake wa kulia uko kushotoni kwako, na wengi huiga kinyume bila kujua. Tafuta iliyopigwa kutoka begani mwake, uone anachokiona yeye. Punguza kasi hadi nusu ili ujue vidole vinakwenda wapi, lakini ukishajua, irudishe. Anayejifunza kwa kasi ya nusu tu huishia na mkono wa kusitasita, na mtoto hung'amua kusita mara moja.

Sasa huyo mpwa, maana ndiye mwalimu wako wa kweli. Mimi nilijifunza kwa kanda ya kuazima, nikiirudisha nyuma hadi mashine ya jirani ikaanza kuitafuna. Vidole vyangu vilikuwa safi kabisa. Kisha kwenye sherehe ya mtoto Buruburu, binti mmoja akapaza sauti kabla sijafungua mkono: "Mbona unauangalia ule mwingine?" Kweli, macho yangu yalikuwa yameifuata sarafu ilipojificha, na mkono uliokuwa nayo ulikuwa umekakamaa kama wa mgonjwa. Kwenye video sikuwahi kuyatazama macho ya mwalimu. Nilitazama vidole, kama wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Itie sarafu mkono wa kushoto kwelikweli, mara kumi, bila hila yoyote. Sikia kidole kipi kinafunga kwanza, na macho yanakwenda wapi. Ya kumi na moja ibaki kulia, lakini kila kingine kiwe vilevile, nawe uuangalie wa kushoto kwa imani yote kwamba imo. Rudia. Mbinu hiyo moja tu, hadi mpwa anyoshe kidole upande usio na kitu. Video zile nyingine zitangoja. Mteja akichelewa pale kibandani, una dakika mbili za mazoezi. T. Nelson Downs, Mmarekani aliyezaliwa 1867 na kusifika kwa kuchuma sarafu hewani jukwaani, alikuwa mpiga telegrafu wa reli kabla ya hapo, wala hakuwa na video.

Mama yako usimpuuze. Sote tumeona watu wakiliwa mshahara mzima na pata potea mjini, na hofu yake ina msingi. Wale huficha ili wachukue. Wenye fani hii tunakatazwa kufichua siri, na kwa kawaida naliheshimu katazo hilo, ila kwa mama nalivunja. Mwombe akuazime ishirini yake, iyeyushe, kisha fungua viganja vyote viwili polepole umwonyeshe ilipokuwa imelala. Akitaka kujaribu, mshike vidole umfundishe. Halafu mrudishie ishirini yake.