Uliza kwanza ndani yake kuna nini kinachotembea

Wengi wanaoanza kujifunza umeme huja na kanuni moja: metali hupitisha, vingine vyote havipitishi. Itakusaidia siku za mwanzo, kisha itakuacha njiani. Zoea kuuliza hivi: ndani ya kitu hiki kuna chembe zenye chaji zilizo huru kutembea?

Kwenye shaba zipo tele. Kila atomu huachia elektroni ya nje, nazo huzurura waya mzima. Ukiunga betri, zinasukumwa upande mmoja. Fedha inaipita shaba kidogo, ila nani atatandaza nyaya za fedha? Aluminiamu hupitisha kama asilimia 60 ya shaba, lakini ni nyepesi zaidi ya mara tatu, ndiyo maana laini ndefu za nguzoni hutumia hiyo.

Sasa chukua penseli. Ichonge ncha zote mbili, weka mita ya umeme kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani (jinsi kitu kinavyozuia umeme), gusisha waya mmoja huku na mwingine kule. Itasoma. Risasi ya penseli si risasi hata kidogo, ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafaiti ni kaboni: kila atomu ina elektroni nne za nje, tatu zimeshikana na majirani, ya nne iko huru. Almasi nayo ni kaboni, ila zote nne zimeshikwa, umeme haupiti. Ukipata penseli ya 6B na ya 2H, zilinganishe. Ile nyeusi zaidi, ya 6B, ina grafaiti nyingi, kwa hiyo ukinzani wake ni mdogo.

Maji yaliyokenekwa hupitisha kidogo mno. Chumvi kavu haipitishi. Vichanganye, mita inaruka, kwa sababu maji yamezifungua ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, zilizokuwa zimebanwa mahali pamoja. Jasho na maji ya bomba yana ioni pia. Ubao mkavu unaousimamia ukilowa, usiuhesabu tena kuwa kinga.

Kuna na kinyume chake: waya wa koili ya mota. Unang'aa kama shaba tupu, ukiupima mita inakataa, na mwanafunzi anatangaza koili imekatika. Kumbe umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Kwangua ncha kwa wembe, upime tena.

Majaribio haya ni ya mita na betri ndogo tu. Soketi ya ukutani usiiguse.