Doa la dari: nipake rangi kabla ya kuuza nyumba?

SWALI: Habari kaka. Nyumba yetu iko kaskazini mwa Minneapolis, ilijengwa 1956. Tunataka kuiuza theluji ikiisha, Aprili hivi. Dari ya chumba cha watoto ina doa la kahawia linalozidi kila mwisho wa baridi, na besimenti (chumba cha chini ya ardhi) inanuka unyevu. Shemeji yangu anasema nipake rangi, nibadilishe makabati ya jikoni, yatosha. Mume wangu yuko Kisii hadi Juni, lakini hati ya nyumba ina jina langu peke yangu. Nianzie wapi?

JIBU: Dada, kopo la rangi liache kwanza. Leo asubuhi toka nje, simama ng'ambo ya barabara, ulinganishe paa lako na la jirani. La jirani likiwa jeupe, na lako lina mabaka meusi huku barafu imening'inia ukingoni kama meno, basi nadhani doa tumelipatia chanzo. Watoto hupenda kupiga picha vile vijiti vya barafu. Mimi nikiviona nahesabu hela za fundi.

Joto la ndani linapanda na kupenya darini kwenye matundu ya taa, pembeni mwa bomba la bafu na kwenye kile kimlango cha kupandia juu. Likifika huko linayeyusha theluji ya paa kutoka chini. Maji yanateremka hadi ukingoni, ambako chini yake hakuna chumba chenye joto, na hapo yanaganda. Barafu ikishajenga ukuta, maji yanayofuata hayana pa kwenda, yanarudi nyuma chini ya vigae na kudondokea kwa watoto wako. Ndiyo maana doa linazidi mwisho wa baridi na kiangazi linatulia, hata mvua inyeshe.

Tiba yake ni kuziba matundu kwanza, halafu ndipo uongeze pamba ya kuhifadhi joto. Usigeuze mpangilio huo, kwa sababu pamba haizuii hewa. Inapita ndani yake tu. Ukipanda na tochi ukakuta, badala ya pamba, punje nyepesi za kahawia zinazometameta kama kokoto ndogo, shuka na ufunge mlango. Huenda ni vemikulaiti, madini yaliyotumika zamani kuhifadhi joto, na ya nyumba za umri huo inaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Hiyo muite mtaalamu. Na tafadhali asipande mtu juu ya paa kugonga barafu kwa nyundo. Atavunja vigae, na huenda akavunja mguu.

Dari ikishakauka kabisa, pakeni rangi ya msingi ya kuzuia madoa, kisha rangi ya kawaida. Rangi ya maji peke yake doa litaipenya wiki mbili tu baadaye, pengine siku wateja wako mlangoni. Nyumba ya kabla ya 1978 huenda ina madini ya risasi, yenye sumu, kwenye rangi za zamani, kwa hiyo msikwangue kavu kavu watoto wakiwa ndani. Unachokijua kuhusu risasi hiyo utamwandikia mnunuzi. Hiyo ni sheria ya Marekani nzima.

Sasa ushauri wa shemeji. Hapa Minnesota muuzaji anatakiwa aandike kasoro kubwa anazozijua, na mnunuzi ana miaka miwili baada ya kukabidhiwa nyumba kukushtaki akigundua ulificha. Doa lililotibiwa, lenye risiti ya fundi, ni mstari mmoja kwenye fomu. Nilikuwa na mteja aliyepaka bila kutibu. Mkaguzi wa mnunuzi akaweka kipima unyevu juu ya rangi mbichi, kikalia. Mnunuzi hakubishania bei, aliondoka tu.

Besimenti ingoje Machi. Theluji inapoyeyuka, shuka kila siku uone ni ukuta upi unatoa jasho. Mara nyingi kosa liko nje: bomba la gata linamwaga maji miguuni pa nyumba. Lirefushe futi 6 au zaidi, na udongo uuinue karibu na ukuta ili maji yateremke kwenda mbali. Ukiwa huko chini, weka na kipimo cha radoni, gesi hatari isiyo na harufu inayotoka ardhini. Majira haya madirisha yamefungwa ndiyo ya kupimia. Ikifika pikokiuri 4 kwa lita, inashauriwa kuweka mfumo wa kuitoa nje. Kumbuka tu kwamba tangu 2014 majibu ya kipimo chochote ulichofanya lazima umwonyeshe mnunuzi.

Makabati yaache. Osha, kaza bawaba, badilisha vishikio. Mnunuzi atakuwa na ladha yake, na pesa zako zinahitajika darini.

Jiji la Minneapolis linadai ripoti ya mkaguzi mwenye leseni kabla nyumba haijatangazwa. Muite ukishamaliza kazi hizo. Kabla hajafika, hakikisha ving'ora vya moshi vinalia, na cha gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi kiko ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ni vitu vya bei ndogo, na ni aibu kuandikiwa.

Lililonishtua zaidi kwenye barua yako ni hilo la mume. Hati ina jina lako, sawa, lakini Minnesota nyumba ya familia haiuzwi bila sahihi ya mwenzi wa ndoa, hata kama jina lake halimo. Ukimngoja mpaka Juni, msimu mzuri utakuwa umekupita, kwa sababu wenye watoto wanataka wawe wamehamia kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Iombe kampuni itakayoshughulikia hati fomu ya uwakilishi wanayoikubali wao (ya kuruhusu mtu mwingine atie sahihi kwa niaba yake), umtumie mumeo, naye aweke miadi na ubalozi wa Marekani Nairobi sasa hivi, kwani nafasi hujaa. Aende na pasipoti, na asitie sahihi Kisii. Atie mbele ya ofisa, kisha karatasi yenyewe, si picha ya simu, aitume kwa kuria.